Swali Ambalo Sikumuuliza Mjomba

Jumapili, saa nne asubuhi. Ndabibi.

Upepo wa ziwa umeamka na hasira. Vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe cha chai iliyopoa na nimeinywa hivyo hivyo, maana mgongo hautaki kunyanyuka tena kwenda jikoni. Mikono yangu inanuka dawa ya vidonda na nguo nilizovaa ni za jana. Mbwa kumi na mmoja wamejitupa kivulini kama watu waliotoka harusini. Wa kumi na mbili amejibana kwenye kona ya banda la mwisho, nyuma ya gunia, na hajaacha kunitazama tangu nikae hapa.

Huyo wa kumi na mbili anaitwa Tarimbo. Si mgeni. Alishawahi kuishi hapa, mimi ndiye niliyemtoa, na jana mimi ndiye niliyekwenda kumrudisha. Katikati ya hayo mawili kuna kosa, na kosa ni langu.

Ninyi mliokuwepo mtakumbuka. Miezi saba iliyopita niliweka picha yake akiwa ameketi kwenye nyasi za Olenguruone, ulimi nje, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa, MWINGINE AMEPATA KWAO. Mliipenda sana. Wengine mliniandikia kwamba mmelia. Ile picha ilipigwa dakika kumi baada ya yeye kushuka garini. Sikuwahi kuomba nyingine.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Nilifanya kazi ya kupanga maua kwenye shamba moja la huku ziwani kwa miaka tisa. Sasa nimekodi nusu ekari na ninaokota mbwa waliotupwa na walioteswa. Wengi wao hutoka Kamere, mtaa wa vyumba vya kupanga. Watu hutoka mbali kuja kufanya kazi ya maua, wanapanga chumba, wanapata kambwa ka kulinda mlango, wanakapenda kweli. Mkataba ukiisha wanakodi lori pamoja kurudi kwao. Kila kitu kinapanda: godoro, jiko, kuku ndani ya katoni. Mbwa hapandi. Anafungwa asilikimbilie lori, na jirani anaambiwa amfungue baadaye. Jirani naye ana zamu, anasahau, au anamwogopa.

Tarimbo nilimkuta hivyo, amefungwa kwa waya wa ua kwenye nguzo ya tangi, katika ploti ambayo vyumba vyote vilikuwa wazi. Ngozi ya shingo ilikuwa imeota juu ya waya. Alikuwa mwembamba na amenyooka kama lile tarimbo la kuchimbia mashimo ya nguzo, ndiyo maana akapata jina hilo. Ilimchukua miezi mitatu kupona na mwezi mwingine kuacha kukojoa kila nilipoinua ufagio. Halafu siku moja, nikiwa nimekaa nachambua sukuma wiki, alikuja mwenyewe na kuweka kidevu juu ya goti langu. Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi.

Basi mbwa wa namna hiyo nilimpa mjomba wangu, kaka yake mama.

Mjomba ana ng'ombe sita na shamba la viazi huko juu Olenguruone. Alikuwa ameibiwa ndama. Alinipigia simu akaniambia anataka mbwa, na mimi nilikuwa nimejaa, sina nafasi hata ya paka. Kila anayetaka mbwa kwangu hujibu maswali sita na mimi huenda kukagua kwake kabla sijamtoa. Mjomba nilimuuliza maswali kwa simu huku nikikaanga vitunguu. Kukagua sikwenda. Ningemkagua vipi mtu aliyenilipia kidato cha kwanza?

Swali la tano linasema: utamfunga kwa mnyororo, kamba au waya? Alijibu kwamba yeye hafungi mbwa na kamba, hajawahi. Nikaandika HAPANA na kuizungushia duara. Na alisema kweli, hakumdanganya mtu.

Alhamisi alinipigia tena. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, ile ya kutangaza msiba. Tarimbo alikuwa amemuuma Kirui, yule anayezungukia boma kwa boma alfajiri kukusanya maziwa. Amemuuma vibaya, kwenye muundi. Majirani walikuwa wanasema ni kichaa cha mbwa, kwa hiyo wamekubaliana Jumamosi wammalize. Alinipigia ili nisisikie kwa watu.

Nilimwambia neno moja tu: ningojeni.

Shida ya kwanza ilikuwa gari. Magari ya abiria hayabebi mbwa, na mbwa aliyeuma mtu hata usitaje. Nikampigia Manjit. Huyu ni mama wa Kisikh wa Nakuru, ana miaka sitini na minane, aliuza spea za matrekta mpaka magoti yakakataa kusimama kaunta. Ana pikapu ya zamani kuliko baadhi yenu mnaosoma hapa na anaiendesha kama anayeidai. Hakuuliza ni wapi. Aliuliza kama nina kizimba cha chuma au alete chake.

Jana, basi, tulipanda. Naivasha kulikuwa na jua, Nakuru kulikuwa na jua, tukapita Molo na Keringet, na tulipofika Olenguruone ukungu ulikuwa umekaa barabarani na manyunyu hayakatiki. Njia nzima nilikuwa na kadi ya chanjo mfukoni, nikiishika kila baada ya dakika chache kuhakikisha ipo. Tarimbo alichanjwa kichaa kabla hajatoka kwangu. Angalau hilo nilifanya.

Getini kulikuwa na wanaume wanne wenye rungu, wamesimama tu, wanaongea habari za bei ya viazi. Walinisalimu vizuri sana. Hilo ndilo lililonitisha.

Mjomba alitoka na makoti mawili, moja juu ya jingine, akanishika mikono yote miwili. "Chela, karibu. Kwanza chai. Mambo ya mbwa badaye."

Manjit alitaka kwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Nikamvuta sketi. Huwezi kuingia kwa mjomba wako, kaka wa mama, ukaruka chai ukaenda kumkagua. Basi tukaketi. Nilikunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa, tamu, na kila nilipomeza nilisikia kitu kikigonga mbao huko nyuma, polepole, kama mlango unaosukumwa na upepo. Hapakuwa na upepo. Niliichukia chai ile na nikaimaliza yote.

Nyuma ya zizi ndipo kibanda kilipo. Kimejengwa kwa mabanzi, yale mabao ya pembeni yenye maganda, yamepigiliwa karibu karibu mpaka hayaachi mwanya. Bati juu. Mlango mdogo wenye kigingi. Chini kuna uwazi wa kupitisha karai. Mjomba aliupapasa ukuta kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maonyesho. Akaniambia alikijenga wiki ile ile Tarimbo alipofika, kwamba mvua haiingii, na kwamba kuna watu kijijini wanaolala pabaya kuliko hapo.

Anafunguliwa jioni baada ya watu kuingia ndani. Anafungiwa alfajiri. Alhamisi mjomba alichelewa kuamka, basi.

Hapo ndipo niliposhika ukuta. Si kwa mshangao, na hili ndilo linalonikera. Sikushangaa hata kidogo. Huko kwetu milimani mbwa wa boma haonwi mchana. Kila mtu anajua sababu: akiona watu mchana kutwa atawazoea, na akiwazoea hatambwekea mwizi. Anafichwa gizani ili awe mkali. Nimekua na jambo hilo. Nilikuwa na miaka saba nilipopewa kazi ya kumlisha mbwa wetu, na nilikuwa nasukuma sufuria ya ugali kwa mguu kupitia uwazi wa chini kisha nakimbia, kwa sababu nilimwogopa. Miaka yote ile sikuwahi kuujua uso wake vizuri. Nilijua pua tu.

Ndiyo maana swali halikuwemo kwenye fomu. Niliuliza mnyororo, kamba, waya, kwa kuwa hayo niliyakuta ziwani, kwa watu wa mbali. Ya kwetu sikuyaona kama mateso. Niliyaona kama mlango na dirisha, vitu ambavyo nyumba inavyo.

Nilimwambia mjomba, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, kwamba huyu mbwa hana kichaa. Amekaa gizani miezi saba na sasa kila kinachotembea ni adui.

Uso wake ulibadilika. "Chela, mimi nimetesa mbwa? Anakula ugali na maziwa kila siku. Sijawai mgusa na fimbo, uliza mtu yeyote hapa."

Nilijua ni kweli. Ningependa sana angekuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamkaripia unaondoka.

"Na kwa mama yako," aliendelea, "saa hii tukiongea, mbwa iko wapi?"

Manjit alinitazama. Mama yangu anaishi Keringet, tulikuwa tumepita karibu na kwake asubuhi ile ile. Ana mbwa anayeitwa Bobi. Bobi yuko ndani ya kibanda ambacho marehemu baba alikijenga, kibanda kile kile nilichokuwa nasukumia ugali, na Krismasi iliyopita nilikipita mara ishirini kwa siku nikienda kuchota maji. Mimi, mnayeniita dada wa mbwa. Mimi ninayewafundisha watu hapa mtandaoni.

Kirui alifika wakati huo, na pikipiki yake na makopo ya maziwa yakilia. Mguu ulikuwa umefungwa bendeji hadi karibu na goti. Nilimwomba msamaha kabla hata ya salamu. Nikamwonyesha kadi. Aliisoma yote, mbele na nyuma, hadi mahali pa sahihi ya afisa wa mifugo. Wale wanaume wanne walikuwa wameingia uani, na mmoja akasema kadi ni karatasi tu, mbwa akionja damu ya mtu amekwisha haribika, tumalize kazi watu waende nyumbani.

Nilisimama mbele ya kile kigingi. Sikupanga. Miguu yangu ndiyo iliyopanga. Niliwaambia wataanza na mimi, na sauti yangu ikapanda kuliko inavyofaa kwa mtoto wa dada uani kwa mjomba wake. Manjit alikuja akasimama kando yangu, na magoti yake mabovu.

Aliyetuokoa ni Kirui.

"Hebu ngojeni," alisema. "Daktari wa sindano aliniambia niangalie huyu mbwa siku kumi. Kama iko sawa, iko sawa. Kama imegonjeka, nikimbie kwake. Sasa nitaangalia aje kama mmezika?"

Mmoja wa wale wanne aliangalia rungu lake kana kwamba amelikuta mkononi. Kirui akaendelea kwamba sindano zake ataendelea nazo mpaka mwisho kama alivyoambiwa, lakini usingizi ni wake na anautaka. Kisha akanigeukia mimi na masharti. Mbwa hapa habaki. Kila asubuhi nimtumie video. "Si picha ya zamani. Video. Na useme ni siku gani, na nione akikula."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Kumtoa ndiko kulikochukua muda. Niliomba watu wote watoke nyuma ya zizi, nikavuta kigingi, nikafungua mlango, nikaketi chini kando yake, ubavu kwake, macho kwenye matope. Harufu iliyotoka sitaielezea. Alinguruma kutoka ndani kabisa, mngurumo mrefu, wa chini. Nilimwita jina lake. Akanguruma zaidi.

Hakunijua.

Nililia pale, na sioni haya. Nilikuwa nimejisimulia njia nzima jinsi atakavyonusa mkono wangu akakumbuka. Vitu kama hivyo huwa naviandika hapa na ninyi mnavipenda. Haikuwa hivyo. Nilikaa kwenye manyunyu kwa muda wa karibu saa mbili, nikitupa vipande vya matumbo ya kuchemsha, kimoja karibu na mlango, kimoja mbele kidogo. Alitoka kwa ajili ya matumbo. Nisiwadanganye. Alitoka kwa tumbo lake, macho yakiwa yamefumbwa karibu kabisa, kwa sababu hata ule mwanga mdogo wa ukungu ulimzidi. Miguu ya nyuma ilikuwa inayumba. Kovu la shingo, lile la waya, lilikuwa limepona vizuri sana. Nilipomtia kitanzi aligeuka akang'ata mkono wa koti. Koti tu.

Nilipoinua kichwa nilimwona mjomba amesimama pembeni ya zizi. Hakuwa ametii, alikuwa amerudi. Alikuwa anamtazama Tarimbo akipepesa macho na kujikwaa kwenye kinyesi cha ng'ombe.

"Sijawai muona mchana," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Hata sikujua ako na miguu nyeupe."

Nilipokwisha kumwingiza Tarimbo kizimbani, alikuja akashika upande mmoja, mimi na Manjit tukashika mwingine, tukakipandisha kwenye pikapu. Nikafunga kamba. Ndipo akauliza jambo ambalo bila shaka lilikuwa linamsumbua tangu mwanzo: sasa mwizi akija, itakuwaje? Nilimwambia mbwa anayewajua watu wa boma ndiye anayejua nani si wa boma. Huyu alimuuma Kirui kwa sababu hajui tofauti ya mwizi na mtu wa maziwa. Nani alimwonyesha? Mjomba alitikisa kichwa, si kukubali, si kukataa. Kibanda bado kipo pale. Hakusema atakivunja na mimi sikuwa na ujasiri wa kumwomba, si siku hiyo, si baada ya kupaza sauti uani kwake. Aliniaga kwa mkono mmoja. Kwa kawaida huniaga kwa miwili.

Sasa sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu nianze kuandika.

Tulipofika Keringet, Manjit alipunguza mwendo kwenye njia ya kwa mama. Alikuwa amesikia swali la mjomba kama mimi. Aliweka tu mguu kwenye breki na kungoja. Nikamwambia aendelee. Nikasema Tarimbo amechoka, giza litatukuta njiani, mama hatutarajii. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Nilimwogopa mama. Nilikuwa nimesimama mbele ya marungu manne, nikashindwa kukata kona kwenda kumuuliza mama yangu swali moja.

Tulifika Ndabibi jua likizama. Manjit alikunywa maji, akanipiga begani, akageuza pikapu.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilirekodi video ya kwanza. Nilisema ni Jumapili. Tarimbo alikuwa nyuma ya gunia na ilinibidi nisukume bakuli na kurudi nyuma hatua kumi kabla hajala. Alikula. Nikaituma. Kirui akajibu papo hapo: "Sawa. Macho yake iko aje?" Nikarekodi macho, kwa mbali. Akajibu tena: "Sawa. Mwambie mimi sina kinyongo." Nikamwambia Tarimbo. Hakuonekana kujali, lakini ujumbe umefika. Ni siku ya tatu tangu aume. Zimebaki saba, na baada ya hizo saba kuna kazi ya miezi ambayo hakuna atakayeirekodi. Pengine hataweka tena kidevu kwenye goti la mtu. Nimeamua kwamba hilo si sharti. Atakaa hapa, atauona mchana, na hilo linatosha.

Kisha nikakaa na ile fomu. Nimelifuta swali la tano. Mahali pake nimeandika: mchana mbwa atakuwa wapi? Nikaanza kupigia simu kila niliyempa mbwa. Sikumhukumu mtu, nimeuliza swali hilo tu nikangoja. Nimefikia nyumba tisa. Tano wamesema "ndani" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema sukari iko kabatini. Mmoja wao, mama wa huko Molo, aliniuliza kama nilimpa mbwa au nilimpa mtihani. Nimemwambia nilimpa mbwa, mtihani ni wangu, na wiki ijayo nitakuja kwake na tutaongea juu ya ua wa seng'enge na namna ya kumzoesha mbwa watu wa nyumbani. Amesema nikija nije mapema. Hizo tano nitazifikia zote. Ile picha ya MWINGINE AMEPATA KWAO sitaifuta. Nimeandika chini yake kilichotokea.

Kuna simu moja haikuwa kwenye orodha, maana Bobi hakutoka kwangu. Nimeipiga muda mfupi kabla ya kuanza kuandika haya, na ndiyo sababu chai ilipoa.

Nilimuuliza mama kama amekwenda kanisani. Nikamuuliza habari za goti. Nikamuuliza habari za mahindi. Mama si mjinga. Akaniambia kaka yake alishampigia jana jioni, kwa hiyo niseme ninachotaka kusema.

"Mama, Bobi yuko wapi saa hii?"

Nilisikia kuku wakitifua kitu karibu na simu. "Yuko ndani. Kwani ulitaka akuwe wapi?"

Nikamweleza. Sikumhutubia. Nilimweleza juu ya Tarimbo kujikwaa kwenye mwanga, na mjomba kutojua rangi ya miguu ya mbwa aliyemlisha miezi saba. Nilimwambia pia kwamba tulipita kwenye njia yake na sikukata kona, na kwa nini.

"Hiyo kitu ilijengwa na baba yako," alisema. "Kila msumari uko hapo alipiga yeye, na mkono yake."

"Najua, mama. Mimi ndiye nilikuwa nampatia, mmoja mmoja."

Kisha nikamwambia kwamba Jumamosi ninakuja, na ninakuja na nyundo ya kung'olea misumari.